Acheni Kumtafuta Achilles

Dokumentari za Ugiriki ya kale zinafanana kama matatu za ruti moja. Rangi tofauti, muziki tofauti, lakini zote zinakushusha steji ile ile. Droni inapaa juu ya magofu jua likizama. Ngoma zinapigwa. Sauti nzito ya mwanamume inatwambia kwamba kwa miaka elfu tatu binadamu wamejiuliza swali moja. Halafu jamaa mwenye kofia na skafu anatembea polepole kati ya mawe, anasimama, anaangalia mbali, na swali linatua: je, Vita vya Troy vilitokea kweli? Achilles aliishi? Yule farasi wa mbao alikuwepo? Unakaa hapo saa nzima, bando linaisha, na jibu unalopewa mwishoni ni "labda". Kisha unaambiwa subiri sehemu ya pili.

Nazitazama nyingi, na nitaendelea kuzitazama. Ndiyo maana zinaniudhi. Mtu hakasirishwi na kitu asichokijali.

Acha niseme wazi. Swali hilo ni bovu, na filamu zinazojengwa juu yake zinatufunza mambo mawili ya uongo kwa mpigo. La kwanza, kwamba hadithi ina thamani ikiwa tu ilitokea. La pili, kwamba kazi ya akiolojia ni kwenda kuthibitisha hadithi. Hadithi inageuzwa ramani ya hazina, na udongo unageuzwa shahidi aliyehongwa, anayesubiri kuitikia "ndiyo". Katikati ya purukushani hiyo, watu walioumizwa kwelikweli na vita vya zama hizo wanapotea. Na si kwamba hawajulikani. Tunao. Wameandikwa, wamehesabiwa, na hata posho yao tunaijua. Nitafika kwao. Kwanza tumalizane na mtu ambaye filamu hizi zinamwabudu.

Heinrich Schliemann alizaliwa Ujerumani mwaka 1822. Alitajirika kwa biashara nchini Urusi, akaongeza utajiri California wakati watu wanakimbilia dhahabu, kisha akaamua kwamba ataitafuta Troy. Kwenye runinga kisa chake ni kitamu kama ngano: mfanyabiashara aliyemwamini Homer wakati maprofesa wakicheka, akaenda Uturuki na Iliad mkononi, akachimba, akapata. Nani asiyempenda mtu aliyewaaibisha maprofesa?

Lakini kilima chenyewe, Hisarlik, karibu na mlangobahari wa Dardanelles, kilikuwa tayari na mtu. Frank Calvert, ambaye familia yake iliishi eneo hilo, alikuwa amenunua sehemu ya kilima na kuanza kuchimba miaka ya 1860. Yeye ndiye aliyemshawishi Schliemann mwaka 1868 kwamba hapo ndipo pa kuangalia. Schliemann alichukua wazo, pesa zake zikafanya yaliyobaki, na jina la Calvert likasukumwa pembeni.

Hisarlik si mji mmoja. Ni matabaka tisa makuu ya makazi, mji juu ya mji, miaka zaidi ya elfu tatu, kama chapati zilizopangwa kwenye sahani. Schliemann alikuwa na imani kwamba Troy ya Homer lazima iwe chini, karibu na mwamba. Kwa hiyo kati ya 1871 na 1873 aliajiri wafanyakazi zaidi ya mia moja, akapasua mtaro mkubwa katikati ya kilima, na kila ukuta aliouona haumhusu akaubomoa. Mwaka 1873 akaipata dhahabu, akaiita Hazina ya Priam, yaani mali ya mfalme wa Troy mwenyewe.

Sasa sikiliza. Dhahabu hiyo ni ya tabaka la pili. Tabaka la pili lilitangulia wakati wowote ambao Vita vya Troy vingeweza kupiganwa kwa zaidi ya miaka elfu moja. Matabaka ambayo yangeweza kuhusika, la sita na la saba, yalikuwa juu. Wagiriki na Warumi walikuwa wameshakwangua sehemu ya kilele ili kujenga hekalu la Athena, na katika yaliyosalia Schliemann alipita kama tingatinga. Alikuwa na haraka ya kuifikia Troy hata akaipita akielekea chini. Mtaro wake uko hapo hadi leo, na watalii wanapigia picha kando yake.

Halafu kuna kisa cha shali. Schliemann aliandika kwamba mkewe, Sophia, alisimama naye kwenye shimo na kuibeba dhahabu ndani ya shali yake wafanyakazi wasione. Sophia hakuwepo. Alikuwa Athens. Schliemann mwenyewe alikiri hivyo kwenye barua mwishoni mwa mwaka huo huo. Dhahabu aliitorosha. Serikali ya Waothmani ikamshtaki, akalipa fidia, kisha mwaka 1881 akaipa Berlin zawadi. Mwaka 1945 jeshi la Kisovieti likaibeba, Moscow ikaificha kwa karibu nusu karne, na mwaka 1996 ikaonyeshwa hadharani katika Makumbusho ya Pushkin. Mali ya kilima cha Uturuki, iliyoibwa mara mbili, inayoitwa kwa jina la mfalme ambaye haikuwa yake. Hiyo ingekuwa dokumentari. Badala yake tunaonyeshwa ile picha ya Sophia akiwa amevaa vito, violini vinalia, na sauti nzito inatwambia kuhusu ndoto ya mvulana mdogo aliyempenda Homer.

Sisemi haya kwa sababu Schliemann alikuwa mbaya kuliko wote. Wakati wake wengi walichimba hivyo. Nasema kwa sababu dokumentari nyingi bado zinachimba kama yeye. Zina haraka ya kufika kwa Achilles, na kila kilicho njiani kinatupwa kando.

Najua utaniuliza: kwani kuna ubaya gani kujua kama ilitokea? Hakuna ubaya kujua. Ubaya ni kuifanya iwe swali pekee, na sisi tunaosoma Kiswahili tuna sababu ya kulishuku mapema kuliko wengine. Tuna utenzi wetu wa vita dhidi ya mfalme wa ulimwengu wa Kigiriki. Utendi wa Tambuka, ambao pia huitwa Chuo cha Herekali, ulitungwa Pate mwaka 1728 na Mwengo wa Athumani. Herekali ni Heraclius, kaisari wa Byzantium, dola ambayo lugha yake ilikuwa Kigiriki. Utenzi unasimulia vita vikubwa vya Tabuk, panga na mashujaa kila ubeti. Katika historia, msafara wa Tabuk wa mwaka 630 ulirudi bila mapigano makubwa kama hayo. Sijasikia mtu yeyote akibeba jembe kwenda kumtafuta Herekali mchangani. Na sijasikia mtu akiutupa utenzi kwa sababu hiyo.

Ama mchukue Fumo Liyongo. Kaburi lake linaonyeshwa Ozi, karibu na Kipini. Hakuna silaha iliyomuweza isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyeichoma ni mwanawe, aliyeahidiwa harusi. Achilles ana kisigino, Liyongo ana kitovu. Anayeisikiliza hadithi ya Liyongo vizuri hakimbilii kuuliza sindano imehifadhiwa makumbusho gani. Anauliza mtoto anawezaje kumuuza babake. Anauliza ni mji wa aina gani unaomwogopa shujaa wake hata baada ya kufa. Hayo ndiyo maswali ambayo hadithi ilitungwa iyabebe.

Na tukiwa hapo kwenye kisigino: hakimo ndani ya Iliad. Farasi wa mbao pia hasimuliwi humo. Iliad inaanza na ugomvi wa wanaume wawili juu ya mwanamke mateka, na inaishia kwenye mazishi ya Hector, mji ukiwa bado umesimama. Filamu inayokuahidi "ukweli kuhusu Iliad" kisha ikakuonyesha farasi dakika ya tano, ujue haikuisoma.

Wasomi walishajua kwa muda mrefu kwa nini shairi kama hili halisomwi kama ripoti ya polisi. Miaka ya 1930 Mmarekani Milman Parry alikwenda Yugoslavia kurekodi waimbaji wa tenzi. Mmoja wao, Avdo Međedović, alimwimbia utenzi mmoja wenye mishororo zaidi ya elfu kumi na mbili. Hakuwa ameukariri neno kwa neno. Aliujenga akiimba, kwa vifungu vilivyorithiwa na mazoea ya maisha yote. Ndivyo nyimbo zinavyosafiri karne kwa karne, na ndivyo zinavyookota vitu njiani. Kwenye Iliad kuna kofia ya vita iliyoshonwa meno ya nguruwe mwitu, kitu ambacho wanaakiolojia wamekipata makaburini na kilichokuwa kimepitwa na wakati karne nyingi kabla ya Homer. Humo humo mashujaa wanachomwa moto wakifa, ilhali wakuu wa Mycenae, mji ambao hadithi inamkabidhi Agamemnon, walizikwa na kufukiwa. Ni kama ngano ya shujaa wa mkuki na ngao anayepanda bodaboda kwenda vitani. Huwezi kuiuliza ngano hiyo ilitokea mwaka gani. Unaweza kuiuliza ilipitia mikono ya nani.

Je, udongo nao unasema nini ukiachwa useme? Mengi. Mmarekani Carl Blegen alichimba Hisarlik kuanzia 1932 hadi 1938, polepole, tabaka kwa tabaka. Alihitimisha kwamba mji wa tabaka la sita, wenye kuta zile nzuri, uliangushwa na tetemeko la ardhi. Waliokuja baada yake walijenga vyumba vidogo vilivyobanana ndani ya ukuta, na sakafuni wakafukia mitungi mikubwa ya akiba hadi shingoni. Kisha mji huo nao ukaungua, karibu mwaka 1180 KK. Simama kwanza kwenye mitungi hiyo. Huhitaji Achilles kuelewa ni nini kinachowafanya watu wasongamane ndani ya ngome na kufukia chakula chini ya mahali wanapolala.

Ukivuka kwenda mashariki, kwenye mji mkuu wa Wahiti, Hattusa, wachimbaji walipata maelfu ya vibao vya udongo. Kimoja ni mkataba wa karibu mwaka 1280 KK kati ya mfalme Muwatalli wa Pili na mtawala wa nchi iitwayo Wilusa, aitwaye Alaksandu. Wataalamu wengi wanaona Wilusa ndiyo Troy, ambayo Homer anaiita pia Ilios. Na mwaka 1995, kwenye kilima chenyewe, timu ya Manfred Korfmann iliokota muhuri mdogo wa shaba wenye maandishi ya Kiluwi, lugha ya Anatolia. Ndio maandishi ya Enzi ya Shaba yaliyopatikana Troy. Sasa angalia filamu: Watroy wanavaa shuka jeupe na kuongea Kiingereza cha wasomi wa London. Mji wa Anatolia, uliofunga mikataba na dola kubwa ya Anatolia, unavalishwa nguo za maadui wake na kugeuzwa Ulaya kwa kamera.

Hata drama ipo, kama ni drama mnataka. Mwaka 2001 Korfmann alionyesha sanamu ya mji mkubwa uliotandaa chini ya ngome. Mwanahistoria Frank Kolb, wa chuo kikuu kile kile cha Tübingen, akasema Korfmann anauza ndoto. Magazeti ya Ujerumani yakajaa, mkutano ukaitishwa, watu wazima wakafokeana juu ya mtaro uliochongwa mwambani na ulikuwa wa kazi gani. Hapo kuna kila kitu: pesa za maonyesho, heshima, hasira, na swali halisi la ni ushahidi kiasi gani unatosha. Lakini hakuna dhahabu wala misuli, kwa hiyo watengenezaji wengi wanapita tu.

Sasa twende kwa wale watu niliowaahidi.

Blegen huyo huyo, baada ya Troy, alikwenda kusini-magharibi mwa Ugiriki. Mwaka 1939 alianza kuchimba Pylos, ambako hadithi inasema alitawala mzee Nestor, mmoja wa waliokwenda Troy. Siku ya kwanza kabisa vibao vya udongo vikaanza kutoka. Vilikuwa vimeandikwa kwa mwandiko uitwao Linear B, na hakuna aliyeweza kuusoma. Mmarekani Alice Kober aliupiga msasa kwa miaka, akikata vikaratasi karibu 180,000 vya kulinganisha alama, vingine akivihifadhi ndani ya makasha ya sigara. Alifariki 1950. Miaka miwili baadaye Michael Ventris, msanifu majengo Mwingereza, akakamilisha: mwandiko ulikuwa wa Kigiriki, cha kale kuliko kile cha Homer kwa karne nyingi.

Na viliandika nini? Hakuna Achilles akipigana. Hakuna Helen. Ni hesabu za ofisi ya kasri, zilizookwa na ule moto ulioteketeza kasri lenyewe, karibu wakati ule ule Troy ilipoungua. Kondoo, mafuta, magurudumu, shaba. Na wanawake. Mamia ya wanawake pamoja na watoto wao, wameorodheshwa kwa makundi: wasokota uzi, wafumaji, wasaga nafaka, wahudumu wa bafu. Wavulana wangapi, wasichana wangapi. Posho yao ya nafaka na tini. Majina yao hayapo. Kundi linatajwa kwa kazi yake au kwa linakotoka, na hapo ndipo damu inapoganda: wanawake wa Miletos, wanawake wa Knidos, wanawake wa Lemnos. Miletos na Knidos ziko pwani ya Uturuki ya leo. Lemnos ni kisiwa kinachotazamana na mlango wa Dardanelles, jirani wa Troy. Kundi moja linaitwa kwa neno ambalo wataalamu wanalisoma kuwa "mateka".

Haisemi popote kwamba walitekwa Troy, na sitasema hivyo. Inasema kitu kizito zaidi. Inasema kwamba huko ng'ambo ya bahari kulikuwa na watu waliovuka maji, wakarudi na wanawake na watoto, wakawaweka kwenye orodha pamoja na kondoo.

Rudi sasa kwenye Iliad, kitabu cha sita. Hector anaagana na mkewe, Andromache, na anamwambia ni nini kinachomuumiza kuliko kifo chake mwenyewe na kuliko kufa kwa babake: kumfikiria yeye akiwa Ugiriki, akifuma nguo kwenye mtambo wa mwanamke mwingine na kuteka maji kwa kulazimishwa. Shairi lilitungwa karne kadhaa baada ya kasri la Pylos kuungua. Hakuna aliyeweza kusoma vibao vile. Lakini wimbo ulikumbuka.

Hapo ndipo hadithi na udongo vinapokutana: kwenye mtambo wa kufuma. Ukiniambia nichague kati ya hapo na farasi wa mbao, nitachagua hapo kila siku, na nitashangaa ni dokumentari ya aina gani ingeweza kuchagua vingine. Nyingi zimechagua vingine.

Angalia wanavyopiga picha za vita. Thermopylae, mwaka 480 KK. Kila mtu anajua Wasparta 300, kwa sababu tangu ile filamu ya 2006 hata dokumentari zimeiga rangi zake na zile ngoma za tumbo. Herodotus mwenyewe, ambaye ndiye chanzo chetu kikuu, anasema siku ya mwisho walibaki pia Wathespia 700, kwa hiari yao, na Wathebes 400. Anawataja pia mahelote, watumishi waliomilikiwa na Sparta, miongoni mwa waliokufa. Kwa hiyo pambano tunalouziwa kama la watu huru dhidi ya watumwa lilikuwa na watu wasio huru upande wa "uhuru", na wakafia hapo hapo. Herodotus huyo huyo anahesabu jeshi la Uajemi na wahudumu wake kuwa zaidi ya watu milioni tano. Hiyo idadi wanahistoria hawaikubali, na inastahili dakika mbili za maelezo. Badala yake unapewa bahari ya wanajeshi wa kompyuta, weusiweusi, bila nyuso, wakiporomoka kutoka mwambani. Mwafrika au Mwasia anayetazama anajua kabisa ni upande gani alioandikiwa kusimama.

Mwaka 2024 Netflix ilitoa mfululizo kuhusu Alexander. Kelele zikawa juu ya uhusiano wake na Hephaestion, na hata waziri wa utamaduni wa Ugiriki akaulizwa bungeni na kuukosoa. Mimi ningetaka kelele hizo zielekezwe Thebes, mji wa Kigiriki ambao Alexander aliuangamiza mwaka 335 KK. Waandishi wa kale wanasema watu 6,000 waliuawa na 30,000 wakauzwa utumwani. Mnagombana juu ya nani alimbusu nani, na mji mzima umepelekwa sokoni.

Wataniambia: dada, hii ni burudani, bila farasi na panga hakuna atakayetazama. Huo ni uvivu unaojificha nyuma yetu watazamaji. Mwaka 1985 BBC ilionyesha mfululizo wa Michael Wood kuhusu Vita vya Troy, sehemu sita. Sehemu moja nzima inahusu waimbaji wa tenzi. Moja inahusu wanawake wa Troy. Moja inahusu dola ya Wahiti. Hakuwa na kompyuta za leo wala droni. Alitembea, akauliza, akabishana na wafu na walio hai, na watu wakatazama. Miaka arobaini baadaye tuna kamera bora na akili ndogo.

Na kama ni vita mnavyotaka, vipo vya kutazamika bila kudanganya. Mwaka 1960 kaburi moja huko Dendra lilitoa vazi zima la vita la shaba, lenye umri wa zaidi ya miaka 3,400. Kwa muda mrefu watu walibishana kama ni la sherehe tu, maana linaonekana kama pipa lenye mikono. Mwaka 2024 watafiti walichapisha jaribio: wanajeshi 13 wa majini wa Ugiriki walivaa nakala yake, wakapewa chakula kinachofanana na cha zama zile, wakapigana kwa mpango wa saa kumi na moja uliotokana na Iliad, huku mioyo na joto la miili yao vikipimwa. Walimaliza. Vazi linafaa vitani. Hapo shairi halikuulizwa kama ni kweli. Lilitumika kama chanzo cha swali linaloweza kupimwa. Hiyo ndiyo tofauti yote, na inaingia kwenye sentensi moja ambayo mtazamaji yeyote anaielewa.

Ukiliacha lile swali bovu lijikuze lenyewe, linafika Atlantis. Plato aliandika habari za Atlantis karibu mwaka 360 KK katika mazungumzo mawili, Timaeus na Critias, kama kisa cha dola yenye kiburi iliyoshindwa na Athens ya kufikirika. Mwaka 2022 Netflix ikampa Graham Hancock vipindi vinane kutuambia kuhusu ustaarabu uliopotea ambao uliwafundisha wengine wote, na kwamba wanaakiolojia wanautufichia. Jumuiya ya wanaakiolojia ya Marekani iliwaandikia Netflix ikitaka mfululizo huo usiitwe dokumentari. Ulipata msimu wa pili.

Wengi walishangaa. Mimi sioni cha kushangaza. Ukishamfundisha mtu kwa miaka kwamba kila hadithi ni ramani, na kwamba shujaa ni yule asiye msomi anayewashinda maprofesa, Hancock ni mjukuu halali wa yule Schliemann wa runinga. Na angalia nani analipa. Katika hadithi za namna hii, watu wa mahali fulani hawawezi kuwa walijenga wenyewe walichokijenga. Lazima mgeni mwerevu aliwafundisha. Sisi wa pwani hii tunaujua wimbo huo. Kwa miaka mingi miji ya Waswahili iliandikwa kama kazi ya wageni, hadi watu walipochimba kwa subira, tabaka kwa tabaka, na kukuta vibanda vya udongo na vigae vya wenyeji chini ya misikiti ya mawe.

Hasira yangu basi haiishii Uturuki. Kamera zinazojifunza tabia Hisarlik zinakuja Lamu na tabia hizo hizo. Mwaka 2013 sarafu moja ya Kichina ya karne ya 15 ilipatikana kisiwani Manda, na vichwa vya habari vikakimbilia meli na majemadari. Sarafu ni ya kweli na ina thamani. Lakini Manda ni mji wa karne nyingi, wa watu walioishi, wakafanya biashara na kuzikana hapo, na wao hawakupata vichwa vya habari. Na mkiendelea kuwaonyesha watu kwamba akiolojia ni kutafuta mali, msishangae mkikuta makaburi ya minara ya pwani yana matundu pale ambapo bakuli za kauri zilibanduliwa. Aliyebandua alikuwa anatafuta hazina.

Kwa hiyo hivi ndivyo ninavyotaka tutazame. Filamu ikianza, uliza kitu wanachokuonyesha kilitoka tabaka gani na ni cha mwaka gani. Uliza nani alishika sepetu, maana siyo yule mwenye skafu. Uliza kitu hicho kiko nchi gani leo na kilifikaje huko. Uliza wanapokwambia "wataalamu wanasema", ni wataalamu wangapi, na nani anayebisha. Kama filamu haina jibu hata moja, zima, uokoe bando lako.

Na wakikuuliza tena kama Achilles aliishi, waambie hatujui, na haituumizi. Waulize wao ni nani waliosaga unga kule Pylos, walitoka wapi, na kwa nini wamewapita mara zote hizo wakielekea kwa farasi.